Makamu, Naibu na Kaimu: Majina ya Vyeo katika Waraka wa Kufungua Muhula

Kila muhula unapofunguliwa katika vyuo vikuu vya Kenya, wahadhiri hupokea waraka kutoka ofisi za utawala. Waraka huo hueleza ni nani aliyeteuliwa kuongoza idara au kitivo, ni nani aliyemaliza kipindi chake, ni nani aliyekabidhiwa ofisi kwa muda, na ni lini alama za mitihani zapaswa kuwasilishwa. Aghalabu huandikwa kwa Kiingereza. Lakini katika idara za Kiswahili ambazo huendesha mikutano yake na kuandika kumbukumbu zake kwa lugha hiyo, habari hizo hazina budi kusemwa upya, na hapo ndipo mwandishi wa kumbukumbu hukwama. Si kwamba Kiswahili kimepungukiwa na majina ya vyeo. Majina yapo tele, ila hayapatani.

Makala haya yanachunguza hasa majina matatu, yaani makamu, naibu na kaimu, pamoja na maneno machache yanayoandamana nayo. Jambo lenyewe si la mapambo ya lugha. Fomu ya alama, ombi la likizo ya masomo na tasnifu iliyo tayari kutahiniwa huhitaji saini ya afisa mwenye mamlaka, na mara nyingi msomaji wa waraka hana njia nyingine ya kuyajua mamlaka hayo isipokuwa jina la cheo. Jina likikosewa, karatasi hupelekwa mlango usio wake, na anayeumia kwa kawaida ni mwanafunzi.

Chanzo cha mkanganyiko huu ni cha kihistoria. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilianzishwa mwaka 1963, na Julius Nyerere akawa Chansela wake. Mwaka 1970 chuo hicho kiligawanyika, vikazaliwa vyuo vikuu vitatu: Nairobi, Dar es Salaam na Makerere. Nyerere aliendelea kushika cheo hicho Dar es Salaam hadi mwaka 1985, na Jomo Kenyatta akawa Chansela wa kwanza wa Nairobi. Kwa hiyo pande zote mbili zilirithi muundo mmoja wa Kiingereza, ambamo juu kabisa palikaa mkuu wa nchi kwa heshima, na chini yake mtaalamu aliyeendesha chuo siku kwa siku. Muundo ulikuwa mmoja, lakini lugha ilikwenda njia mbili. Tanzania ilikuwa imekwisha kuamua kutumia Kiswahili katika shughuli za serikali na kuunda Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967. Kwa hiyo majina ya vyeo vya chuo yalitafutwa kwa makusudi. Nchini Kenya, chuo kikuu kiliendelea kuzungumza Kiingereza, na kazi ya kuvipa vyeo vyake majina ya Kiswahili iliachiwa kwa kiasi kikubwa waandishi wa magazeti na watangazaji wa redio, ambao walihitaji jina fupi na walilihitaji kabla ya saa ya habari.

Dar es Salaam, Chansela huitwa Mkuu wa Chuo, na anayemfuata huitwa Makamu Mkuu wa Chuo. Wasaidizi wa huyu wa pili ni Naibu Makamu Mkuu wa Chuo, kila mmoja akitajwa pamoja na eneo lake, kama vile Taaluma au Utafiti. Utaratibu huu una sifa moja kubwa: makamu na naibu hutenganishwa, wala halichukui moja nafasi ya jingine. Kasoro yake imo katika sarufi. Maneno Makamu Mkuu wa Chuo yaweza kuchanganuliwa kwa njia mbili. Yaweza kuwa makamu wa yule aitwaye Mkuu wa Chuo, na hiyo ndiyo maana iliyokusudiwa. Lakini mtu angetarajia basi Makamu wa Mkuu wa Chuo, kama isemwavyo Makamu wa Rais. Au yaweza kuwa makamu aliye mkuu kuliko makamu wengine, kama isemwavyo katibu mkuu au mhasibu mkuu. Mzoefu hatatizwi, kwa kuwa amekwisha kuyapokea maneno hayo kama jina moja lisilochanganuliwa. Mgeni hutatizwa, na Mkenya katika jambo hili ni mgeni.

Hutatizwa zaidi na Mkuu wa Chuo mwenyewe. Mwaka 1983 Chuo Kikuu cha Nairobi kiligawanywa katika koleji sita, kila moja ikiwa na kiongozi wake. Kiongozi huyo, kwa Kiswahili cha kawaida cha Kenya, ni mkuu wa chuo, sawasawa na kiongozi wa chuo cha ualimu. Hivyo maneno yale yale ambayo Dar es Salaam humtaja aliye juu ya wote, Nairobi yangemtaja afisa aliye chini ya Makamu wa Chansela. Mhadhiri wa Nairobi akialikwa Dar es Salaam kwenye mahafali yatakayoongozwa na Mkuu wa Chuo, asipokuwa mwangalifu atadhani kwamba mwenyeji wake ni kiongozi wa koleji moja tu.

Kwa upande wa Kenya, magazeti yameshikilia jina Naibu Chansela kwa yule ambaye Kiingereza humwita Vice-Chancellor. Jina hili ni fupi na hutamkika vyema, na hapana shaka ndiyo sababu limeenea. Hata hivyo taabu yake hujitokeza mara tu anapotajwa msaidizi wake. Ikiwa mkubwa ni naibu, mdogo wake ataitwaje? Ndipo husikika Naibu wa Naibu Chansela, jina ambalo si kosa la sarufi lakini linachekesha pasipo kukusudia kuchekesha. Katika waraka wa kufungua muhula, ambao maafisa watatu wanne wa daraja hiyo hutajwa katika ukurasa mmoja, msomaji hulazimika kuhesabu manaibu kwa vidole.

La kushangaza ni kwamba Wakenya hao hao wamekwisha kufundishwa tofauti ya maneno haya mawili katika jambo kubwa zaidi. Hadi mwaka 2013 nchi ilikuwa na Makamu wa Rais. Tangu mwaka huo, kwa kufuata Katiba ya mwaka 2010, ina Naibu wa Rais. Mabadiliko ya neno yalifuata mabadiliko ya cheo katika sheria, na magazeti yaliyafuata bila kusitasita. Maadamu tofauti hiyo inaeleweka Ikulu, hakuna sababu ya kuiacha langoni mwa chuo kikuu.

Asili ya maneno yenyewe yasaidia hapa, ingawa asili ya neno haiwezi peke yake kuamua matumizi yake ya leo. Yote matatu yametoka katika Kiarabu. Naibu ni mwenye kutenda kwa niaba ya mwingine. Neno niaba ni ndugu yake wa mzizi mmoja. Kaimu ni mwenye kusimama. Makamu ni mahali pa kusimama, na kwa hiyo daraja au cheo. Katika Kiarabu, na baadaye katika utawala wa Waturuki, kaimu na makamu yalikuwa jina moja la maneno mawili, likimaanisha mwenye kusimama mahali pa mwingine. Kiswahili kimeyatenga yakawa vyeo viwili: kaimu kwa yule asimamaye kwa muda, makamu kwa yule ambaye kusimama huko ndiyo kazi yake ya kudumu. Kwa hiyo waraka unaposema Kaimu Makamu wa Chansela, huyakutanisha maneno yaliyoachana zamani, na kila moja hufika likiwa na maana mpya.

Sheria nayo inaelekea upande huo huo. Sheria ya Vyuo Vikuu ya Kenya ya mwaka 2012 ilimweka Chansela kuwa kiongozi wa heshima, mwenye kutunuku shahada, na ikamfanya anayemfuata kuwa mtendaji mkuu na kiongozi wa taaluma na utawala. Cheo cha Chansela chenyewe kilikuwa kimebadilika tangu mwaka 2003, Rais Mwai Kibaki alipoacha desturi ya rais kuwa Chansela wa vyuo vikuu vyote vya umma. Ni dhahiri basi kwamba mtendaji mkuu huyo si msaidizi wa mtu. Hangoji Chansela asafiri ndipo apate kutia saini. Kumwita naibu ni kumpunguzia mamlaka aliyopewa na sheria, na kumwita makamu ni kumpa jina linalomfaa: mwenye kukaa mahali pa mkuu wa heshima na kufanya kazi yote. Jina naibu libaki kwa wasaidizi wake, nao wawe Naibu Makamu wa Chansela, kila mmoja na eneo lake.

Neno kaimu ndilo lenye hatari kubwa kuliko yote, kwa kuwa huhusu muda, na muda husahaulika. Katika utumishi wa umma wa Kenya, Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2017 iliweka ukomo wa miezi 6 kwa mtu anayekaimu cheo. Waraka unaomtaja kaimu bila kutaja mwisho wa kukaimu kwake huwaacha wahadhiri katika shaka ikiwa saini yake ya mwezi wa saba ina nguvu ileile ya mwezi wa kwanza. Zaidi ya hayo, katika mazungumzo ya kawaida naibu huchukuliwa kuwa kaimu kila mkubwa wake anapoondoka. Sivyo. Naibu ana cheo chake mwenyewe, na hawi kaimu mpaka akabidhiwe kwa maandishi. Mwandishi anayesema naibu anashikilia ofisi ameacha mlango wazi, kwa maana kushikilia kwaweza kuwa kwa idhini au kwa kujitwalia. Afadhali aseme anakaimu, kisha aandike tarehe mbili.

Kuhusu kiongozi wa kitivo, hali si mbaya sana. Tanzania hutumia amidi, neno ambalo vyuo vya Kiarabu hulitumia kwa cheo hicho hicho. Kenya husema mkuu wa kitivo, na wapo wasomi waliolijaribu neno mtiva, lililoundwa kutokana na kitivo. Mkuu wa kitivo hueleweka na kila mtu, na hilo latosha. Rasi, kiongozi wa ndaki katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lingeweza kuwafaa wakuu wa koleji za Nairobi; lakini mwaka 2021 Baraza la Chuo Kikuu cha Nairobi lilitangaza muundo mpya uliofuta koleji hizo na kuviweka vitivo mahali pake, na haja ya neno hilo ikapungua kabla halijapata kuzoeleka. Mwenyekiti wa idara hana matata yoyote. Kiswahili hakikuhitaji kamwe kujadili kama mwenyekiti ni mwanamume au mwanamke, mjadala ambao umewachosha wenye Kiingereza kwa miaka mingi.

Neno muhula lenyewe linastahili kuangaliwa. Hutumika kwa sehemu ya mwaka wa masomo, na hutumika pia kwa kipindi cha mtu madarakani. Chukua sentensi ya kubuni: Mkuu wa Kitivo ameanza muhula wa pili. Je, amerudi kazini baada ya likizo, au ameteuliwa tena kwa miaka kadhaa? Katika gazeti muktadha hutatua. Katika waraka wa kufungua muhula muktadha ndio unaoharibu, kwa kuwa maana zote mbili zimo ukurasa mmoja. Yafaa muhula uachiwe masomo, na uongozi upewe kipindi.

Mwisho ni suala la kitenzi. Waraka wa Kiingereza hupenda kusema kwamba fulani ameteuliwa, bila kusema ameteuliwa na nani, na wafasiri hufuata nyayo hizo kwa uaminifu usiohitajika. Kauli ya kutendwa katika Kiswahili ina nafasi ya mtendaji baada ya na, na nafasi hiyo ikiachwa wazi msikilizaji huuliza. Ana haki ya kuuliza, kwa kuwa uteuzi uliofanywa na Baraza na ule uliofanywa na Makamu wa Chansela hauna uzito mmoja, na rufani dhidi yake hazipelekwi mahali pamoja. Kadhalika makamu halibadiliki katika wingi, ilhali manaibu na makaimu hubadilika. Katika kichwa cha habari kisicho na kitenzi, Mkutano wa Makamu na Wakuu wa Vitivo haujulikani umeitishwa kwa makamu mmoja au kwa wengi. Anayeandika kumbukumbu hana budi kuongeza neno, aseme makamu wote au Makamu wa Chansela peke yake, hata kama waraka wa Kiingereza ulio mbele yake haukuona haja ya kusema hivyo.