Maharagi yako yamezaliwa wapi? Karatasi ya asili pale Ruzizi ya kwanza

Ukitoka soko la Nguba ukashuka kuelekea mtoni, kwa mwendo mfupi tu umefika barieri ya Ruzizi ya kwanza. Ng'ambo ni Kamembe, Rwanda. Ma-mama wanavuka hapo kila asubuhi, beseni kichwani, mtoto mgongoni: huyu anapeleka, mwingine analeta nyanya, karoti, mayai, maziwa. Mzigo mmoja unapita bila kulipa duane, mwingine unaofanana nao unalipa. Watu wanasema ni bahati, ama ni kumjua mtu. Sisi ma-agronome tunaotembelea koperative zenu tunasikia hayo kila mkutano. Lakini kuna kanuni nyuma yake, na koperative isiyoijua inaacha makuta yake barieri.

Kanuni hiyo inaitwa kanuni ya asili. Duane haiulizi tu "ni nini hiki?" Inauliza pia "kimezaliwa wapi?" Congo na Rwanda zote ziko katika COMESA. Soko huru la COMESA lilianza tarehe 31 Oktoba 2000, Rwanda ikaingia mwaka 2004, Congo ilikuja nyuma. Ndani ya soko hilo, kitu chenye asili ya nchi mwanachama kinapewa tarifu ya upendeleo: kinalipa kidogo ama hakilipi kabisa ushuru wa duane. Kitu cha nje kinalipa tarifu ya kawaida, ambayo kwetu Congo kwa bidhaa nyingi ni 5, 10 au 20 kwa mia. Tuseme mzigo wa dola 300 kwa 10 kwa mia: ni dola 30. Kwa mama wa beseni, hizo zinaweza kuwa faida yake yote ya safari ile.

Kwa mkulima, sehemu kubwa ya kanuni ni rahisi. Zao lililovunwa hapa ni la hapa. Haijalishi mbegu ilitoka Zambia, ama mbolea ilitoka mbali zaidi: mahindi yaliyovunwa Walungu ni ya Congo. Samaki aliyevuliwa hapa ni wa hapa pia. Sambaza wa ziwa Kivu mwenyewe ni mgeni, aliletwa kutoka Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950, na hakuna mtu wa duane atakayemuuliza babu yake. Kwa mifugo angalieni vizuri. Mnyama anayeuzwa mzima lazima awe amezaliwa na kukuzwa ndani ya nchi wanachama. Kwa hiyo kuku uliyemnunua kifaranga kutoka Ulaya, ukamkuza Kabare, hahesabiwi kuwa wa hapa kwa njia hii. Lakini mayai yake ni ya hapa. Inachekesha kidogo, ila ndivyo ilivyoandikwa.

Taabu inaanzia kwenye depo. Mchele wa Pakistani uliofika kwa kamiyo, ukamwagwa kwenye mifuko mipya yenye jina la koperative, unabaki wa Pakistani. Kupakia upya, kubandika etiketi, kupepeta, kuchanganya tu, hayo hayabadilishi asili. Na mchele wa bonde la Ruzizi, wa Sange ama Luvungi, ukichanganywa na ule wa nje ili mfuko ujae, umeupotezea asili yake. Tunasema wazi kwa sababu tunajua inafanyika msimu mavuno yakiwa kidogo. Pesa iliyomo si ndogo: katika tarifu ya pamoja ya Afrika Mashariki mchele wa nje umewekwa 75 kwa mia na mahindi 50 kwa mia, ingawa kuna nchi zinazoomba kupunguza. Mfuko mmoja uliochanganywa ukikamatwa, mifuko mingine yote ya koperative itaangaliwa kwa jicho baya.

Na unga wa masoso je, ule ma-mama wanaotengeneza kwa mahindi, soya na mtama, halafu wanaongeza sukari na maziwa ya unga? Hapo mnapiga hesabu. Mojawapo ya njia za COMESA inasema vitu vilivyotoka nje visipite 60 kwa mia ya gharama ya vitu vyote vilivyotumika. Tuseme mfuko mkubwa umekula vitu vya dola 20, na ndani yake sukari ya Brezili na maziwa ya Ulaya ni dola 7. Hiyo ni 35 kwa mia, mko sawa. Na kama sukari ni ya Uganda ama Zambia, haihesabiwi kabisa kama ya nje, maana nchi hizo ni wanachama. Ndiyo sababu tunawaambia wekeni fakture ya sukari, hata kama ni karatasi ndogo ya duka.

Kwa mizigo midogo kuna njia fupi, Wafaransa wanaiita RECOS, yaani biashara iliyorahisishwa. Mnatazama orodha ya bidhaa ambazo nchi mbili zimepatana. Kama kitu chenu kimo, na thamani ya mzigo haipiti kiwango kilichowekwa, sertifika ya asili iliyorahisishwa inajazwa palepale mpakani na duane inapiga kashe. Hamna haja ya kumlipa deklaran. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ina karatasi kama hiyo, kwa mizigo isiyofika dola 2000. Congo iliingia jumuiya hiyo mwaka 2022, lakini kuingia na kuanza kutumia tarifu yake si kitu kimoja, kwa hiyo msishangae kusikia jina la COMESA zaidi.

Msidanganywe na neno "zero". Sertifika inaondoa ushuru wa duane tu. Haiondoi TVA ya 16 kwa mia pale inapotakiwa, wala haichukui nafasi ya karatasi ya afya ya mimea, ambayo ni kazi ya SQAV. Moja inasema maharagi yamezaliwa wapi, nyingine inasema hayana wadudu. Lakini jueni pia kwamba dekre ya mwezi wa tatu 2002 iliruhusu huduma nne tu kufanya kazi mpakani: duane, OCC, DGM na usafi wa mipaka. Mtu mwingine akinyoosha mkono, muulizeni kwa heshima: "Baba, huduma gani? Resi iko wapi?" Mkiwa watu watano pamoja, swali hilo linasikika vizuri kuliko mama mmoja peke yake saa kumi na mbili asubuhi.

Kahawa ina hadithi yake. Kwa miaka mingi kahawa ya Kalehe na Idjwi ilivuka ziwa usiku kwa pirogi, ikabadilishwa na sabuni na chumvi, na ng'ambo ikauzwa kama kahawa ya huko. Watu walizama, wakaacha wajane. Asili ya kahawa ilizama nayo. Leo koperative zinazouza Ulaya moja kwa moja zinapata upendeleo unaoitwa "kila kitu isipokuwa silaha", uliowekwa mwaka 2001 kwa nchi maskini zaidi. Ila kahawa mbichi Ulaya hailipishwi ushuru, itoke wapi itoke. Upendeleo unaonekana kwenye kahawa iliyokaangwa, ambayo wengine wanalipia 7,5 kwa mia na sisi hatulipi. Kwa mzigo usiopita euro 6000 koperative inaandika yenyewe tamko la asili kwenye fakture. Ukipita hapo lazima iwe imeandikishwa kwanza. Kwa kahawa mbichi, faida ya asili ni jina: mnunuzi analipa zaidi akijua ni ya Kivu, na anataka kuona kwa nini aamini.

Atakachotaka kuona ni kaye. Jina la mwanachama, kijiji, zao, tarehe, kilo, sahihi ama alama ya kidole. Kilo, si Guigoz. Guigoz ya mama huyu imejaa mlima na ya mwingine imekatwa sawasawa na mdomo. Mchele wa nje mnaouza dukani uwe na kaye yake na kona yake ya depo. Msimu A unaanza Septemba: mtunza depo afungue kaye mpya kabla mfuko wa kwanza wa mavuno haujaingia, na kamati iisome kwa sauti mbele ya wanachama kila mwisho wa mwezi. Tukija kuwatembelea, hiyo ndiyo tutaomba kuona kwanza, kabla ya shamba.