KUIFUFUA BAISKELI KONGWE YA MASHINDANO YA UWANJANI

Mtu aliyezoea baiskeli ya kawaida akipandishwa juu ya baiskeli ya mashindano ya uwanjani, jambo litakalomshtua kwanza si wepesi wake, wala ule usukani uliopinda mfano wa pembe za kondoo dume, bali ni miguu yake mwenyewe. Atakanyaga pedeli, atashika mwendo, kisha kwa mazoea ataiacha miguu itulie ili baiskeli iende yenyewe. Miguu haitatulia. Gia ya nyuma imekazwa moja kwa moja kwenye habu, hakuna friwili, na kila gurudumu linapozunguka pedeli nazo huzunguka. Breki pia hakuna. Atakaye kupunguza mwendo hana budi kuzipinga pedeli kwa nguvu za mapaja.

Zamani baiskeli zote zilikuwa hivyo, hata friwili ilipoenea mwishoni mwa karne ya 19. Barabarani friwili ilipokewa kwa furaha. Uwanjani haikupata nafasi, na sababu yake ni ya busara. Uwanjani wote huelekea upande mmoja, hakuna njia panda wala mpita njia, na hatari kubwa kwa anayefuata nyuma ni yule wa mbele kusimama ghafla. Pasipo breki, hakuna awezaye kusimama ghafla.

Juu ya baiskeli za namna hii ndipo Major Taylor, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Indianapolis mwaka 1878, alipotwaa ubingwa wa dunia wa mbio fupi huko Montreal mwaka 1899, wakati ambapo viwanja vingi vya nchi yake havikutaka hata kumwona. Kule Japani mbio za keirin zilianzishwa katika mji wa Kokura mwaka 1948, nazo ni mbio ambazo watazamaji huzichezea kamari kwa idhini ya serikali. Huko kila kifaa cha baiskeli sharti kiwe na muhuri wa NJS kabla hakijaruhusiwa uwanjani. Mjapani Koichi Nakano alishinda ubingwa wa dunia wa mbio fupi mara 10 mfululizo, kuanzia 1977 hadi 1986.

Lakini baiskeli ambayo fundi wa nyumbani ana bahati kubwa zaidi ya kukutana nayo ni ile ya Kiingereza ya miaka ya 1940 na 1950. Vijana wa vilabu vya London hawakuwa na uwezo wa kumiliki baiskeli mbili. Kijana alipanda baiskeli yake kwenda kazini siku za juma, na ilipofika siku ya mashindano aliifunga magurudumu mepesi ya mbio ubavuni mwa gurudumu la mbele kwa vishikizo maalumu, akaiendesha hadi uwanjani, pengine Herne Hill, uwanja uliofunguliwa mwaka 1891 na uliotumika katika Olimpiki ya 1948. Hapo alifungua breki yake moja ya mbele, akabadili magurudumu, akashindana, kisha akaifunga tena breki na kurudi nyumbani. Kwa hiyo ukiona tundu la breki kwenye kichwa cha uma wa mbele, usidhani kuwa baiskeli imechezewa. Yawezekana ndivyo ilivyotoka kiwandani.

Kabla ya kushika spana, ichunguze fremu kama daktari amchunguzavyo askari mpya. Pitisha kidole chini ya bomba la juu na lile la chini, mahali yanapokutana na bomba la usukani. Ukihisi mkunjo mdogo kama wimbi, au ukiona rangi imepasuka kwa mstari wa kukingama, fremu hiyo imegonga kitu kwa mbele na haifai kupandwa kabla haijakaguliwa na fundi wa kulehemu anayejua mabomba membamba. Fremu nyingi nzuri za wakati huo zilijengwa kwa mabomba ya Reynolds 531, yaliyotolewa kuanzia mwaka 1935. Mabomba hayo ni manene kidogo kwenye miisho na membamba katikati, chini ya milimita 1. Kutu iliyoingia ndani ya bomba la namna hiyo si jambo la kupuuza, na mtu wa kupiga mchanga kwa mashine kubwa ya gereji aweza kulitoboa huku akidhani anasafisha.

Tafuta pia namba ya fremu, chini ya ekseli ya pedeli au kwenye ncha za nyuma zinazoshika gurudumu. Wasomaji wetu wa jeshi na polisi hawahitaji kuambiwa thamani ya namba iliyogongwa kwenye chuma. Kwa namba hiyo, wenye kuhifadhi kumbukumbu, kama wale wa chama cha Veteran-Cycle Club cha Uingereza kilichoanzishwa mwaka 1955, huweza mara nyingine kumtambua mtengenezaji hata kama nembo zote zimebanduka. Anayeipiga msasa namba ameifuta historia ya baiskeli kwa dakika 2.

Kazi ya kufungua ndiyo inayowatoa watu jasho. Kikombe cha kulia cha ekseli ya pedeli, katika baiskeli za Kiingereza, kina hesi ya kinyume: hufunguliwa kwa kuzungushwa upande ambao kwingineko ungekuwa wa kukaza. Wengi wamekivunja kwa kutojua hilo. Katika baiskeli za Kitaliano vikombe vyote viwili vina hesi ya kawaida, kwa hiyo pima kwanza upana wa bomba lenyewe: la Kiingereza ni milimita 68, la Kitaliano ni 70. Kipimo hicho cha Kiingereza mpaka leo huitwa kwa jina la BSA, kampuni iliyoundwa na mafundi wa bunduki wa Birmingham mwaka 1861, ambayo ilipogeukia baiskeli iliendelea kuzipamba kwa nembo ya bunduki tatu zilizosimamishwa pamoja.

Pini za kota zinazoshika mikono ya pedeli, ambazo kila fundi wa baiskeli za mizigo anazifahamu, zisipigwe nyundo huku baiskeli ikining'inia. Egemeza mkono wa pedeli juu ya kipande cha bomba kilichosimama sakafuni, ndipo upige. La sivyo kishindo chote kitazipata gololi. Nguzo ya kiti ya alumini iliyogandamana na chuma cha fremu ni adui mwingine. Mimina mafuta ya kulegeza au amonia, ngoja siku kadhaa, jaribu, mimina tena. Asiye na subira atapinda fremu.

Juu ya rangi, mafundi hawapatani, nami nasimama upande wa wale wenye kuiacha. Rangi ya zamani iliyochubuka, yenye herufi za mtengenezaji zilizoandikwa kwa mkono, haiwezi kununuliwa tena. Isugue polepole kwa nta, zuia kutu palipobaki chuma kitupu, uache hapo. Ikiwa imeliwa kiasi cha kutoonekana, basi ipake upya bila majuto. Tangu miaka ya 2000, baiskeli hizi zilipogeuka kuwa fahari ya vijana wa miji mikubwa, fremu nyingi njema zimepakwa rangi za peremende na usukani wake kukatwa ukabaki kama fimbo. Asili ya mtindo huo ilikuwa kazi halisi: matarishi wa New York walizipenda kwa kuwa hazina vitu vya kuharibika, na mmoja wao, Nelson Vails, alipata medali ya fedha katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984. Kwa hiyo sipingi mtu kuigeuza baiskeli yake. Naomba tu mageuzi yawe ya kufungwa kwa bolti, yasiwe ya msumeno, ili atakayeirithi aweze kuirudisha.

Geuzo moja ni la lazima, nalo ni breki ya mbele. Mwezi Februari 2016 mwanamke mmoja aliyekuwa akivuka barabara mjini London aligongwa na kijana aliyepanda baiskeli ya uwanjani isiyo na breki ya mbele, akafariki. Mwaka 2017 kijana huyo alifungwa miezi 18, chini ya sheria ya mwaka 1861 iliyotungwa enzi za magari ya farasi. Sheria ya Uingereza hudai breki mbili barabarani, na gia iliyokazwa huhesabiwa kuwa moja tu. Uma usio na tundu usiutoboe kwa keekee. Ziko breki za kufungwa kwa vishikizo, au nunua uma mwingine na kuutunza ule wa asili.

Kisha ikague habu ya nyuma. Habu ya kweli ya uwanjani ina hesi mbili: ya ndani, ambayo gia hukazwa juu yake kwa kuume, na ya nje, ndogo kidogo, ambayo nati ya kufungia hukazwa kwa kushoto. Mpandaji anapopinga pedeli, gia hutaka kufunguka, lakini kadiri inavyogeuka ndivyo inavyozidi kuikaza nati. Wapo wanaochukua habu ya kawaida ya friwili, wakafunga gia na kuigandisha kwa gundi. Hiyo itawafungukia siku ya kuteremka mlima.

Katika kuchagua gia, meno 48 mbele na 16 nyuma huonekana hesabu nzuri, kwa kuwa gurudumu huzunguka mara 3 kamili kwa mzunguko mmoja wa pedeli. Uzuri huo ndio ubaya wake: mtu anayesimamisha gurudumu kwa mguu uleule huburuza mpira mahali palepale siku zote, na mpira hutoboka ukiwa bado mpya kwingine. Weka 17 nyuma, na uchakavu utagawanyika mahali 17.

Akina mama na akina baba wenye watoto nyumbani wasikie hili. Gia iliyokazwa haina huruma. Katika baiskeli ya kawaida kidole kikinaswa na mnyororo, friwili huweza kuacha. Hapa gurudumu zito linalozunguka hukivuta kidole hadi kukikata. Mnyororo usafishwe gurudumu likiwa limesimama, au pedeli zikizungushwa polepole kwa mkono, na kitambaa kishikwe mbali na meno. Baiskeli iliyogeuzwa magurudumu juu kwa matengenezo isiachwe peke yake mbele ya mtoto.

Mnyororo uachiwe ulegevu wa kama sentimita 1 katikati, nawe uzungushe mzunguko mzima ukitazama, kwa sababu gia kongwe si mviringo kamili na mnyororo hukaza mahali pamoja. Safari ya kwanza iwe mahali tambarare, breki ikiwa imefungwa. Baada ya kilomita chache rudi nyumbani, chukua spana, uikaze upya nati ya kufungia pamoja na nati za ekseli ya nyuma. Karibu kila mara utakuta zimekubali kusogea kidogo.