Kinachobeba timu hakilali kwenye kona

NGARA. Kwenye mpira, kona ni zawadi. Winga anakwenda kibenderani, mabeki warefu wanapanda, jukwaa zima linasimama. Lakini kwa timu za kata za Ngara na Biharamulo kuna kona nyingine ambayo hakuna anayeishangilia. Ni ile ya barabarani, guta likiwa limebeba kikosi kizima na mlima unashuka.

Aliyecheza ndondo huku anaijua stori hii. Mechi ni ugenini, saa 10:00 jioni. Coaster ya kukodi ni ghali, na bodaboda kila moja inataka nauli yake. Anapigiwa simu mwenye guta. Jumatatu huyu anabeba saruji, siku ya gulio anabeba ndizi, na Jumapili anabeba kipa namba moja, winga, straika, wa benchi wote, kocha, jezi, mipira na ndoo ya maji.

Guta hilo la mizigo na bajaji ya abiria ni ndugu. Vyote vina tairi moja mbele na mbili nyuma. Na vyote vina tabia moja ambayo abiria hawaifikirii mpaka siku mambo yanapoharibika: havilali kwenye kona.

18 GAWANYA KWA 3

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Bajaji inapakia abiria watatu. Timu yenye wachezaji 11 wa kuanza na saba wa akiba ina watu 18, hivyo zinahitajika bajaji sita kwenda na sita kurudi. Hapo kocha, daktari wa timu na yule shabiki mwenye ngoma bado hawajapanda.

Kwa timu ambayo hata kiingilio cha mashindano ilikichangisha kijiweni, bajaji sita ni ndoto. Zawadi yenyewe inayogombewa mara nyingi ni mbuzi, ikizidi sana ng'ombe. Ndiyo maana wote wanajikuta kwenye karai la guta moja, wengine wamekaa ubavuni, miguu inaning'inia nje. Guta limetengenezwa kwa mizigo, na mizigo haiimbi wala haisimami ghafla.

Mwenye guta naye ana hesabu zake. Wengi wanaoendesha vyombo hivi si wamiliki. Wapo wanaopeleka hesabu kwa bosi kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Wapo walio kwenye mkataba, wanalipa kidogo kidogo mpaka chombo kiwe chao. Kwa watu hawa, siku ya mechi ni siku ya pesa ya mkupuo, kwa hiyo si rahisi kumwambia mwenyekiti wa timu kwamba watu wamezidi.

Tatizo ni kwamba chombo kikilala mtaroni, deni halilali. Shokapu, rimu, taa na kioo vinamsubiri gereji, na hesabu ya bosi inaendelea kuhesabika. Hayo ni kama ameumia chuma peke yake. Akiumia mtu, hesabu hiyo hakuna anayeijua mwisho wake.

WINGA ANALALA, BEKI ANASIMAMA

Kuelewa kwa nini guta linapinduka, mtazame winga mwenye spidi anapokata kuingia ndani. Mwili wake wote unalala upande anaokwenda. Asipolala, mguu unabaki na mwili unatupwa nje. Dereva wa bodaboda anafanya hivyohivyo: anailaza pikipiki kwenye kona, na uzito wake unashuka sawasawa kwenye tairi.

Guta haliwezi. Ekseli yake ya nyuma imelala chini kama meza, na bodi imekaa juu yake. Kona ikija, bodi inabaki wima huku uzito wote ukisukumwa nje ya kona. Linakuwa kama beki mzito aliyesimama wima mbele ya winga mwepesi. Chenga ikipigwa, anakwenda chini mzimamzima.

Spidi ndiyo inayomaliza kazi. Kutoka kilomita 20 kwa saa hadi 40, spidi imeongezeka mara mbili, lakini nguvu ya kukutupa nje imeongezeka mara nne. Kwenye kona ileile, guta lilelile ambalo asubuhi lilipita freshi kwa mwendo wa pole linaweza kugeuka jioni, na dereva akaapa kwamba hakuwa na mwendo mkubwa.

Kuna jambo la pili. Ukichora mstari kuziunganisha tairi tatu za guta, unapata pembetatu: nyuma pana, mbele nyembamba. Uzito ukikaa nyuma na chini, uko sehemu pana na salama. Dereva akikanyaga breki katikati ya kona, uzito unakimbilia mbele kwenye ncha nyembamba, na hapo kupinduka kunakuwa rahisi zaidi. Watu wakisimama kwenye karai, uzito unapanda juu, na mambo yanazidi kuwa mabaya.

Kupanda mlima nako kuna mtego wake. Wachezaji wakirundikana nyuma kabisa ya ekseli, tairi ya mbele inakuwa nyepesi. Usukani unageuka, lakini chombo hakigeuki. Kwa hiyo anayejazia watu nyuma ili mbele kuwe na nafasi ya mipira anamnyang'anya dereva usukani bila kujua.

KUTOKA NYAKAHURA HADI RULENGE

Wilaya hizi mbili zinapakana, na timu zake zinatembeleana. Ukitoka Nyakahura, Biharamulo, unapita Kumubuga na kuingia Rulenge, upande wa Ngara. Ngara yenyewe ni milima na mabonde mpaka inapokutana na Rwanda kule Rusumo na Burundi kule Kabanga. Kijiji kiko juu, mto uko chini, na uwanja wa mpira mara nyingi uko kule ambako ardhi iliona huruma ikatandazika kidogo.

Barabara kubwa ya Lusahunga kwenda Rusumo ina lami, lakini ina wenyewe. Malori yanayopeleka mizigo Rwanda na Burundi yanapita hapo usiku na mchana. Guta lenye timu likijibanza pembeni kupisha lori, tairi moja inashuka ukingoni mwa lami, na chombo ambacho hakijui kuinama kinalazimishwa kuinama kwa nguvu.

Njia za vijijini nazo zina mambo yake. Wakati wa kiangazi ni vumbi na kokoto zinazoteleza kama gololi. Mvua za masika zikianza, udongo unakuwa sabuni.

Ratiba inaongeza petroli kwenye moto. Mechi ikianza saa 10:00 jioni, ikija na mapumziko, dakika za nyongeza na penalti, kisha hotuba ya mgeni rasmi na mbuzi kukabidhiwa, giza limeshaingia. Timu iliyoshinda inarudi imesimama, inaimba. Mbuzi naye yumo, na kila kona anahamia upande wake. Dereva anataka kuwahi, na kuna wanaotoa gia kwenye mteremko ili kubana mafuta, breki peke yake ikabaki na kazi ya kuzuia watu 20.

WAPO WALIOFUNDISHA TAIRI TATU KULALA

Duniani tatizo hili limewaumiza vichwa mafundi kwa miaka mingi. Muingereza George Wallis alibuni chombo ambacho sehemu ya mbele inalala kwenye kona huku tairi mbili za nyuma zikibaki chini sawasawa. Kampuni ya BSA ilikitoa mwaka 1970 kwa jina la Ariel 3. Sokoni kilichemka vibaya.

Wazo halikufa. Honda ya Japani ililiendeleza kwa Stream ya mwaka 1981, kisha Gyro ya mwaka 1982. Gyro ilikuwa na injini ya cc 50 tu, lakini ikapata kazi ya kudumu: kupeleka vyakula na vifurushi mijini. Dereva analala na kona, mzigo nyuma umetulia.

Lililo tamu zaidi linaihusu Piaggio ya Italia. Mwaka 1948, miaka michache tu baada ya Vita Kuu ya Pili, Piaggio ilitoa Ape, kigari cha mizigo cha tairi tatu. Bajaj Auto ya India, ambayo jina lake ndilo lililotupa neno bajaji, baadaye ilitengeneza Vespa kwa leseni ya Piaggio hiyohiyo. Kwa hiyo bajaji inayosubiri abiria Ngara mjini ina ukoo wake Italia.

Mwaka 2006, kampuni hiyohiyo ikatoa MP3. Hii iligeuza mpangilio: tairi mbili mbele, moja nyuma. Zile za mbele zimeshikwa na vyuma vinavyocheza, moja inapanda nyingine ikishuka, na pikipiki ikilala tairi zote tatu zinalala pamoja. Ukisimama, unabonyeza kitufe mfumo unajifunga, na huhitaji kushusha mguu chini.

Yamaha ikafuata kwa Tricity mwaka 2014, kisha Niken ya mwaka 2018, dubwana la cc 847 linaloweza kulala hadi nyuzi 45. Uholanzi nako kulikuwa na Carver One, kigari cha watu wawili wanaokaa mmoja nyuma ya mwingine. Kibanda chao kinalala kwenye kona hadi nyuzi 45, injini ikibaki nyuma imetulia kwenye tairi mbili.

Je, vingefaa Ngara? Kwa mtu mmoja anayewahi kazini, huenda. Tairi mbili mbele zinashika njia vizuri kuliko moja. Lakini kila kiungo kinachocheza ni kiungo kinachokula vumbi, na fundi wa chini ya mwembe atataka spea zisizopatikana kwa jirani. Kikubwa zaidi, MP3 inabeba dereva na abiria mmoja. Kikosi cha watu 18 kingetaka safari 18, na mechi ingeanza wiki ijayo.

Ukweli mchungu ndio huo. Kinacholala kwenye kona hakibebi timu, na kinachobeba timu hakilali kwenye kona.

ABIRIA NDIO WANAOLALA

Kuna mchezo mmoja duniani ambao ulilijibu swali hili kwa miili ya watu. Ni mbio za pikipiki zenye jukwaa la abiria pembeni, ambazo zimekuwa na ubingwa wa dunia tangu mwaka 1949. Chombo kina tairi tatu na hakilali. Anayelala ni abiria: kona ikija, anajitupa upande wa ndani, mwili ukiwa karibu kugusa lami, ili uzito usiende nje. Akikosea yeye, dereva hana la kufanya.

Wachezaji wa huku hufanya toleo lao bila kufundishwa. Kona ikija, wanaegemea. Shida ni kwamba nusu wanaegemea ndani, nusu wanashika ukingo wa nje ili wasianguke, na mbuzi anafuata akili zake. Tena wale wa kwenye mbio wamevaa kofia ngumu na wanaijua kila kona kwa jina. Beki wa kata aliyetoka kucheza dakika 90 na soksi zimemshuka hawezi kuwa ndiye usalama wa chombo.

MFUMO WA KUCHEZA UGENINI

Kocha anayepanga mfumo wa 4-3-3 anaweza kupanga na safari. Mchango wa nauli ukianza mapema, pamoja na wa jezi, bajaji chache na bodaboda zinaweza kugawana kikosi kwa awamu mbili, guta likabaki na kazi yake halali ya kubeba mipira, maji na mbuzi. Waandaaji wa kombe nao wakianza mechi saa 8:00 mchana, timu ngeni inarudi jua likiwa bado lipo.

Kwa dereva, sheria za uwanjani ni chache na hazihitaji kifaa kutoka Italia. Breki inakanyagwa kabla ya kona, chombo kikiwa kimenyooka. Mlima unashukwa na gia ndogo, injini isaidie kuzuia. Mzigo mzito unakaa chini, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, na unafungwa kamba. Na watu wakizidi, safari haiondoki. Nahodha anayeweza kumzonga refa kwa ajili ya ofsaidi anaweza pia kumwambia mwenzake ashuke asubiri bodaboda.

Barabarani hakuna mwamuzi wa kupuliza filimbi, wala kona haina marudio ya picha. Jioni timu ikirudi kijijini, watu hutoka nje kuuliza matokeo. Mbili moja, sare, tumepigwa tatu, yote yanazungumzika mpaka Jumapili nyingine. Ila mama aliyesimama mlangoni na taa hahesabu magoli. Anahesabu vichwa vinavyoshuka: walikwenda 18, wamerudi 18.