Mtoto wa rafiki yako bado hakai, umwambie vipi?

Chukua mfano wa marafiki wawili waliojifungua kwa kupishana wiki mbili. Sasa watoto wao wana miezi 10. Mmoja anajivuta sakafuni na kung'ang'ania ndoo ya maji. Mwingine akikalishwa mkekani huangukia upande, na mama yake huwahi kumzungushia mito.

Mama wa kwanza aliliona hilo tangu mwezi wa saba. Kila akitaka kusema, maneno yanamkwama kooni.

Hali hii huwakuta wazazi wengi, wawe Chang'ombe au Nkuhungu jijini Dodoma, au vijijini Kongwa, Mpwapwa na Manyoni. Ukisema, unaonekana unamringishia mwenzako mtoto wako. Ukinyamaza, miezi inapita.

Kwa nini ni vigumu kusema

Kinachofunga mdomo si aibu peke yake. Katika jamii nyingi nchini, mtoto anayechelewa kukaa au kutembea husemwa kuwa "amebemendwa", yaani wazazi wake hawakuvumiliana, au mmoja wao alitoka nje ya ndoa wakati mtoto angali ananyonya.

Ndiyo maana swali dogo kama "bado hajakaa tu?" linaweza kuingia masikioni mwa mama kama tuhuma juu ya ndoa yake. Mama mkwe akilisikia, tuhuma inageuka kesi.

Ukweli wa kitabibu ni mwingine. Mtoto anaweza kuchelewa kwa sababu alichelewa kulia alipozaliwa, alizaliwa njiti, au alipata manjano kali, homa ya uti wa mgongo au malaria kali. Inaweza kuwa lishe duni, au tatizo la kusikia au kuona. Wakati mwingine sababu haijulikani. Kubemendwa hakumo katika orodha hiyo.

Dalili za kuzingatia

Ni kweli watoto hawalingani, na wengi hutumia maneno hayo kujipa moyo wa kusubiri. Lakini kutolingana nako kuna mipaka.

Utafiti wa Shirika la Afya Duniani (WHO) uliochapishwa mwaka 2006, uliofuatilia watoto wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, ulionyesha kuwa karibu watoto wote wenye afya walikaa bila kushikiliwa kabla ya miezi 9 na nusu, na walitembea wenyewe kabla ya miezi 18. Kutambaa si kipimo kizuri, kwani wapo watoto wazima kabisa ambao hawakutambaa, wakasimama moja kwa moja.

Mtoto apelekwe kwa mtaalamu iwapo:

• Anatimiza miezi 3 hatabasamu wala hafuati uso wa mama kwa macho.
• Anatimiza miezi 4 na shingo bado haijakaza.
• Hashtuki mlango ukigongwa, wala hageuki akiitwa.
• Mwili ni mkakamavu kupita kiasi, au umelegea kupita kiasi.
• Anatumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka.
• Anatimiza mwaka hatoi sauti za kubwabwaja, wala hapungi mkono.
• Alikuwa anaweza jambo, sasa amelipoteza. Hili halisubiri, katika umri wowote.

Kwa aliyezaliwa njiti, umri uhesabiwe kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa.

Namna ya kumwambia

Chagua wakati mkiwa wawili. Si kwenye sherehe, si kisimani mbele ya majirani, wala kwenye kundi la WhatsApp. Usimtume mtu, na usianze kwa kumwambia dada yake.

Anza kwa kumuuliza yeye: "Mwenzangu, mtoto anaendeleaje? Kuna kitu kinakupa wasiwasi?" Mara nyingi mama ameshaona kabla yako, na amekosa tu wa kumwambia.

Sema ulichokiona, usitaje ugonjwa. "Nimeona nikimkalisha anaangukia upande wa kushoto" ni jambo analoweza kulitazama mwenyewe. Ukisema "mwanao ana mtindio wa ubongo" umetoa hukumu usiyo na utaalamu nayo, na huenda si kweli.

Usimtaje mwanao. Neno "wangu alikaa na miezi sita" linaweza kuharibu mazungumzo yote.

Akikasirika, usibishane. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mwambie umesema kwa kuwa unampenda mtoto, kisha uishie hapo. Wiki inayofuata rudi kumtembelea kama kawaida, ili ajue hukuja kumsema. Na alichokwambia kibaki kwako.

Pa kuanzia

Safari inaanza kwenye zahanati au kituo cha afya, na kadi ya kliniki mkononi. Mama asisubiri tarehe ya chanjo. Siku ya kliniki foleni huwa ndefu, na kazi huweza kuishia kwenye mizani na sindano, hivyo ni muhimu aseme mwenyewe: "Mtoto wangu bado hakai, naomba aangaliwe." Asiposikilizwa, aombe rufaa.

Kwa wakazi wa Dodoma, rufaa inaweza kufika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Hospitali ya Benjamin Mkapa. Sera ya afya inataka watoto walio chini ya miaka 5 wahudumiwe bila malipo katika vituo vya serikali, lakini nauli ya kutoka kijijini na siku ya kazi iliyopotea hakuna anayezilipa. Hapo rafiki anaweza kusaidia zaidi kuliko kwa maneno: kubaki na watoto wengine, au kuchangia nauli.

Desemba 2021, serikali ilizindua jijini Dodoma Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayowalenga watoto hadi miaka 8. Msingi wake ni kwamba ubongo hukua kwa kasi kubwa zaidi katika miaka ya mwanzo. Mtoto anayeanza mazoezi ya viungo akiwa na miezi 10 ana nafasi nzuri kuliko anayeanza akiwa na miaka 4. Tatizo la macho au masikio likigunduliwa mapema, huenda likatibiwa.

Nyumbani nako kuna kazi isiyohitaji fedha: kumwongelesha mtoto wakati wa kumwogesha, kumlaza kifudifudi akiwa macho na mtu akimtazama, kumpa kopo tupu alipige kama ngoma.

Tukirudi kwa wale marafiki wawili, mama wa kwanza hahitaji hotuba. Anaweza kukaa kwenye mkeka uleule, ampakate yule mtoto, kisha aseme: "Jumatano nampeleka wangu kupimwa uzito. Twende wote, tukamuulize nesi na hili la kukaa."