Tundu Likishatangazwa

Msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu ukifunguliwa, steshenari za Manundu mjini Korogwe na za Chanika kule Handeni hujaa tangu asubuhi. Vijana waliomaliza kidato cha sita hukaa kwenye benchi na bahasha za kaki mapajani: cheti cha kuzaliwa, namba ya mtihani wa kidato cha nne, namba ya NIDA, fomu yenye mhuri wa serikali ya kijiji na wa wakili. Vyote huskaniwa na kupandishwa kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo, na mara nyingi hata nywila huandikwa na kijana wa steshenari, kwa sababu ndiye mwenye mkono mwepesi wa kuchapa. Mzazi aliyetoka Mnyuzi au Kwamatuku na nauli ya kuhesabu hana nafasi ya kuuliza kompyuta ile iko katika hali gani.

Mimi huuliza, maana ndiyo kazi yangu. Katika steshenari moja karibu na stendi nilikuta kompyuta mbili. Ya kwanza ilikuwa na kishale chekundu kwenye pembe ya juu ya kivinjari cha Chrome. Kishale hicho huanza na rangi ya kijani sasisho likiwa na siku moja au mbili, hugeuka rangi ya chungwa likikaribia siku nne, na huwa chekundu likipita wiki. Ya pili, ya kizamani zaidi, haikuwa na kishale chochote.

"Mgosi, hicho chekundu nimekikuta tangu naanza kazi," kijana akanijibu. "Nikiapdeti, bando linakwisha kabla ya saa nne, na bosi ataniuliza limekwenda wapi. Wateja wakiwa wengi tunahamia ile nyingine, haisumbui."

Nitarudi kwenye bando, kwa sababu hoja yake ni ya haki. Nitarudi pia kwenye ile isiyosumbua. Kwanza tuone kishale kinadai nini.

Kivinjari kina kazi ngumu kuliko programu nyingine zote unazozitumia. Kazi yake ni kupokea vitu kutoka kwa watu usiowajua, yaani kurasa, picha, video na maandishi ya kila aina, na kuvifungua ndani ya mashine yako papo hapo. Programu ya kufanya hayo ina mamilioni ya mistari ya maelekezo yaliyoandikwa na wanadamu, na wanadamu hukosea. Mwaka 2020 wahandisi wa Chromium, mradi unaozaa Chrome, walichambua kasoro kubwa za usalama zilizorekebishwa tangu 2015 wakakuta karibu asilimia 70 zinatokana na jambo moja: jinsi programu inavyotumia kumbukumbu ya kompyuta.

Chukua gesti yoyote ya pale Korogwe. Mgeni amelala chumba namba 6, asubuhi amelipa na kuondoka, lakini ufunguo amesahau kuurudisha. Mapokezi wanampa mtu mwingine chumba kile kile. Jioni mgeni wa kwanza anarejea na ufunguo wake, anafungua, anaona begi kitandani, analibeba akidhani ni lake. Kivinjari hufanya kosa la namna hiyo. Kinaachia nafasi ya kumbukumbu, kinasahau kwamba bado kina ufunguo wake, kisha kinarudi na kutekeleza chochote kinachokikuta mle. Mhalifu anachohitaji ni ukurasa utakaomwezesha kuingia chumbani kabla ya mgeni kurejea, aache begi lake hapo. Ndani ya begi hilo kuna maelekezo yake, na kompyuta yako inayatii.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka 2019. Tarehe 27 Februari, Clement Lecigne, wa kikosi cha Google kinachofuatilia mashambulizi, aliripoti tundu la aina hiyo ndani ya Chrome, likapewa namba ya utambulisho CVE-2019-5786. Lilikuwa kwenye sehemu inayoziwezesha kurasa kusoma mafaili ambayo mtumiaji ameyachagua. Kiraka cha kuliziba kilitoka tarehe 1 Machi. Siku chache baadaye Google ikaeleza kwamba wahalifu walikuwa wameshaanza kulitumia, tena pamoja na tundu la pili lililokuwa ndani ya Windows yenyewe. La pili lilihitajika kwa sababu Chrome huufungia ukurasa ndani ya chumba, ili hata ukiharibikiwa usiguse mashine nzima. Tundu la kwanza lilimwingiza mwizi chumbani, na la pili likamtoa kwenda kwenye nyumba yote. Mashambulizi yaliyoonekana yalilenga kompyuta za Windows 7 za biti 32, mashine ambazo bado unaweza kuzikuta kwenye meza za steshenari zetu.

Usidhani mpaka ubonyeze kitu kibaya ndipo udhurike. Septemba 2023, kampuni ya Apple pamoja na maabara ya Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto waliripoti tundu katika programu ndogo inayofungua picha za aina ya WebP, ambazo zimejaa mtandaoni. Picha iliyotengenezwa kwa hila ilitosha: kuionyesha tu kwenye skrini kulikuwa hatari. Chrome ilitoa kiraka tarehe 11 mwezi huo, na Firefox siku iliyofuata.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi hawajaelezwa, na ambalo ndilo limenifanya niandike.

Watu hudhani tundu ni hatari zaidi kabla halijagunduliwa, na kwamba kiraka kikitoka hatari imepita. Kwa aliyesasisha, ni kweli. Kwa ambaye hajasasisha mambo huenda kinyume, kwani hatari yake hupanda siku ile ile kiraka kinapotoka. Kiraka ni maelezo ya tundu. Maelekezo ya Chromium na ya Firefox yako wazi kwa kila mtu kuyasoma, na hata pale yanapofichwa, mtaalamu huweza kulinganisha toleo la zamani na jipya akaona palipobadilika. Palipobadilika ndipo palipokuwa na tundu. Mhalifu ambaye asingeweza kuligundua kwa akili yake sasa ameonyeshwa kwa kidole, na kilichobaki ni kutafuta mashine zenye kishale chekundu.

Google wenyewe walilitambua hilo. Zamani, kasoro ikisharekebishwa, zilipita wastani wa siku 35 kabla kiraka hakijafika kwa watumiaji. Wakapunguza hadi kama siku 15, na kuanzia Agosti 2023 Chrome hutoa viraka vya usalama kila wiki. Mozilla, wenye Firefox, Oktoba 2024 walipokea taarifa ya tundu kutoka kwa Damien Schaeffer wa kampuni ya ESET, wakatoa kiraka ndani ya saa 25. Wahandisi wao walimaliza kwa siku moja na kidogo. Sisi tunakaa na kishale miezi.

Korogwe tunajua kwamba kinga huhitaji kurudiwa. Watoto wa hapa walikuwa miongoni mwa watoto 15,459 wa nchi saba za Afrika walioshiriki majaribio ya mwisho ya chanjo ya malaria ya RTS,S, na matokeo yalionyesha kwamba waliopata dozi ya nne walikingwa zaidi ya walioishia ya tatu. Mtoto hachomwi mara moja ikawa basi, na kivinjari nacho ni hivyo hivyo.

Turudi kwenye bando. Hofu ya yule kijana ina msingi, ila hesabu yake haiko sawa. Sasisho la kawaida halipakui kivinjari kizima. Chrome hutuma tofauti peke yake kati ya toleo ulilonalo na jipya. Katika mfano uliotolewa na Google mwaka 2009, toleo zima lilikuwa baiti 10,385,920, na tofauti iliyotumwa ilikuwa baiti 78,848, yaani chini ya asilimia moja. Mafaili ya leo ni makubwa zaidi, lakini utaratibu ni huo huo, na Firefox nayo hufanya vivyo hivyo. Anayesasisha kila wiki hulipa kidogo kidogo. Aliyeachwa nyuma matoleo mengi hutumiwa kivinjari kizima, na hapo ndipo bando linapokatika kabla ya saa nne. Kuahirisha ndiko kunakokula MB.

Tena mara nyingi sasisho limeshapakuliwa na bando limeshalipwa. Linangoja tu kivinjari kifungwe na kufunguliwa upya. Steshenari haifungi kivinjari kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, mashine hulazwa tu, na kiraka kinabaki mlangoni.

Na ile kompyuta ya pili, isiyosumbua? Ilikuwa ya Windows 7. Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020. Toleo la mwisho la Chrome kwa Windows 7 ni la 109, la Januari 2023. Haina kishale kwa sababu hakuna kiraka kinachokuja tena. Ukimya ule ambao kijana aliuona kuwa ni uzima ndio ugonjwa wenyewe. Kila tundu lililotangazwa baada ya hapo na lililomo pia kwenye toleo hilo liko wazi mle, na mafaili ya watoto wa watu yanapita hapo kila siku. Mozilla walikuwa na huruma zaidi: toleo la 115 la Firefox waliendelea kulitolea viraka kwa ajili ya Windows 7, wakirefusha muda mara kadhaa. Ni nafuu ya kupumulia, maana Windows chini yake inabaki na matundu yake. Mashine ya biti 64 iliyokuja na Windows 7 mara nyingi hukubali Linux Mint, isiyo na ada ya leseni, na fundi anaweza kuja nayo kwenye flashi.

Simu nazo zina mwisho wao. Chrome iliacha Android 7 ilipofika toleo la 120, Desemba 2023. Kwenye simu sasisha kupitia Play Store peke yake, pamoja na Android System WebView, kwa sababu programu nyingi hutumia hiyo kuonyesha kurasa bila wewe kujua. Ukikuta ukurasa unapiga kelele kwamba kivinjari chako kimezeeka, bonyeza hapa upakue kipya, ufunge. Sasisho la kweli haliletwi na ukurasa wa mtu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa za watu azilinde. Mwenye steshenari anayeskani vyeti na kujaza nywila za wateja yumo.

Ndugu yangu mwenye steshenari, Manundu, Chanika, Mkata au Mombo: leo kabla hujafunga, bonyeza vile vitone vitatu vya Chrome, ingia Usaidizi, kisha Kuhusu Google Chrome. Subiri ikague, funga, fungua tena. Ukikuta namba inaanza na 109, mashine hiyo itumie kuchapa barua na kutoa kopi. Nywila ya mtoto wa mtu isiandikwe humo tena.