Kofia ngumu ya bei nafuu: Kagua haya kabla ya kulipa

Kama wewe au mwanao mnapanda bodaboda kati ya Karatu mjini na lango la Ngorongoro, kofia ngumu si ya kumkwepea trafiki. Uchambuzi wa tafiti nyingi ulionyesha kuwa inapunguza hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 na ya kufa kwa asilimia 42.

Huhitaji ya bei kubwa. Tazama ndani: chini ya kitambaa kuwe na povu gumu, nene, kama lile linalofungiwa televisheni mpya. Hilo ndilo linalobonyea ili ubongo usipokee pigo lote. Kofia ya mafundi ujenzi haikutengenezwa kwa ajali za barabarani.

Ivae na ufunge mkanda. Chini ya kidevu vipite vidole viwili tu. Tikisa kichwa. Ikicheza, chukua ndogo zaidi. Mtoto anunuliwe saizi yake.

Epuka mtumba: povu likishabonyea halirudi, na kwa nje huwezi kuona.

Aliyegonga kichwa akitapika, akisinzia au akichanganyikiwa, mwahishe hospitali hata kama hana jeraha.