Waliosoma pamoja Moshi: wanaokutana na wanaokosekana

Kila ifikapo Desemba, barabara ya Dar es Salaam hadi Moshi hufurika magari ya watu wanaorejea nyumbani kwa Krismasi na Mwaka Mpya. Baadhi yao, baada ya ndafu na mbege katika vihamba vya Marangu, Kibosho, Machame na Rombo, huteremka mjini kwa shughuli nyingine: kuonana na watu waliosoma nao miaka 30 au 40 iliyopita.

Si wenyeji wa mlimani pekee wanaohudhuria. Sababu ni namna shule zenyewe zilivyopata wanafunzi. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka chini ya Serikali shule nyingi zilizoanzishwa na madhehebu ya dini, na wanafunzi wa shule za bweni wakawa wanapangwa kutoka mikoa mbalimbali. Binti wa Kilema akajikuta bweni moja na wenzake wa Mwanza, Mtwara na Bukoba.

Mfano unaofahamika ni Dk. Asha-Rose Migiro, mzaliwa wa Songea, aliyesoma Sekondari ya Wasichana ya Weruweru, nje kidogo ya Moshi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Alikuja kuwa Waziri wa Mambo ya Nje mwaka 2006, kisha Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia 2007 hadi 2012.

Walivyopotezana

Darasa lililokusanywa kutoka nchi nzima lilitawanyika vivyo hivyo. Waliomaliza kidato cha sita walikwenda Jeshi la Kujenga Taifa, ambalo lilikuwa la lazima kwa wasomi tangu 1966. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likawataka wengi wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Mawasiliano yalikuwa barua na sanduku la posta. Mtu akihamishwa kikazi, anwani ilikufa. Kwa wanawake ugumu ulizidi, kwani wengi waliolewa na kubadili jina la ukoo.

Kwa miaka mingi, mahali pa uhakika pa kuonana palikuwa msibani, kwa kuwa marehemu wengi wa Kichagga husafirishwa kuzikwa kihambani. Simu za mkononi zilipoenea, mmoja aliwapata wawili, wawili wakawapata kumi, na kundi likaundwa.

Hapo ndipo kila mmoja hueleza alikopitia. Yupo aliyefundisha hadi kustaafu, na yupo aliyeuguza wagonjwa katika Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa 1971. Yupo pia ambaye ajira yake ilitoweka Serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, kikiwamo KNCU cha wakulima wa kahawa kilichoanzishwa 1933. Matokeo ya mtihani hayakutosha kutabiri hatima ya mtu. Mengi yaliamuliwa na sera za wakati huo.

Wasioitwa

Hata hivyo, wapo ambao hawamo kwenye orodha. Kwa miongo kadhaa, msichana aliyepata ujauzito alifukuzwa shule, na kanuni za mwaka 2002 zilizoruhusu kumfukuza mwanafunzi kwa kosa la kimaadili au kwa kuolewa zilitumika kuhalalisha hatua hiyo. Novemba 2021 ndipo Serikali ilipotangaza kuwa wanaoacha masomo kwa sababu hiyo wanaweza kurejea katika shule za kawaida.

Suala hilo lilimgusa mmoja wa walimu wanaokumbukwa zaidi Moshi. Mama Maria Kamm, aliyekuwa mkuu wa Weruweru kwa miaka mingi katika miaka ya 1970 na 1980, alianzisha baadaye Taasisi ya Mama Clementina, ambayo imewapa nafasi ya pili wasichana waliokatishwa masomo.

Makundi mengi huandaa orodha kwa kufuata waliohitimu kidato cha nne. Orodha hiyo humwacha aliyefukuzwa kidato cha pili, aliyekosa ada na aliyeitwa nyumbani kuuguza mzazi, ingawa walilala bweni lile lile na kula ugali ule ule. Anayetaka kulipata darasa lake zima hana budi kuanza na majina ya kidato cha kwanza, siku ambayo wote waliingia getini wakiwa na masanduku yao.